Kamba ya Mama Ernestine

Nilimuonea mama Ernestine wivu miaka ine. Naanza na hiyo, juu mutu asikuje kuniambia: Prof, unamusema vizuri hivi, kumbe ulikuwa rafiki yake. Hapana. Nilikuwa jirani yake, na jirani si rafiki.

Mi ni Séraphin. Hapa mutaa ya Kasulo batu bananiita Prof, juu nafundisha fizikia mu lycée moja ya Kolwezi, huu mwaka ni wa kumi na tisa. Diplome yangu ya Lubumbashi iko mu kadre ya mbao. Niliitundika juu ya meza ya kulia, kila mugeni aione mbele ya kuona bukari, ugali yetu. Mama Ernestine alisoma mupaka mwaka ya ine ya primaire, kisha baba yake akasema kwa mutoto mwanamuke inatosha. Lupango yake na yangu, ua ya nyumba zetu, inagawa ukuta moja ya matofali. Kazi yake ni kuuza kamba.

Mutu wa mbali atasema kuuza kamba ni kazi ya bure. Aje kwetu. Hapa batu banachimba kobalti hata chini ya kitanda yao, na kila shimo inashuka wima, nyembamba, giza tupu. Mu mashimo ya zamani, pale pa kukanyaga mu ukuta pameisha kuvunjika, mutu anashuka kwa mikono, kamba peke yake. Na kamba hatuiache iguse chini, juu chini kuko maji na matope, inaoza, inajifunga mu mifuko. Inaishia na fundo kubwa, urefu wa mutu moja juu ya udongo. Mikono ikifika pa ile fundo, unaachia. Hautazami, hauulizi. Unaachia, na miguu inagusa chini. Fundo ya mwisho ni neno ya mutu mwenye alipima shimo. Kama alikosa, weye unaachia mu hewa.

Na mutu mwenye Kasulo yote ilimuamini juu ya ile fundo hakuwa Prof wa fizikia. Alikuwa mama Ernestine. Hiyo njo ilinikula roho.

Ngoja niseme namna alikuwa anapima. Anafika pa munywa ya shimo, anavua sapato, anaomba batu banyamaze. Bachimbaji benye habaogopi polisi, benye habaogopi hata mama zao, banazima musiki. Anashika jiwe, anaiachia. Haitupi, anaiachia tu, na wakati ule ule anaanza kusali: Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Muguu yake inapiga chini, pigo moja kwa kila neno, haiharakishi, haichelewi. Jiwe ikigonga, anafunga munywa. Anasema: "Iligonga pa neema." Kisha anarudi kwake kukata kamba.

Siku ya kwanza nilicheka mupaka kukohoa. Sala! Mi niko na télephone yenye inagawa segonde mara mia, na huyu mama anapima na rozari! Nilirudi nyumbani kumuelezea mutoto yangu Mignonne, nikitazamia tucheke pamoja. Mignonne iko na miaka kumi na saba, anamaliza humanités, masomo ya sekondari, mwaka huu. Tunaishi sisi wawili juma yote, juu mama yake anauza samaki ku soko ya Fungurume na anarudi tu siku ya posho, ni kusema Jumamosi. Mignonne hakucheka. Aliniuliza: "Lakini papa, kamba yake ilishakosa siku moja?"

Haikukosa. Hata mara moja.

Tangu siku ile mutoto alianza kupita kwa mama Ernestine kila akitoka masomo. Eti anamusaidia kusuka nyuzi. Anarudi mangaribi, anaketi mbele yangu, chini ya diplome yangu, na anaanza: mama Ernestine alisema hivi, mama Ernestine anafikiri vile. Nilikuwa nameza bukari na haipiti. Mi, baba, mwenye kumulisha, nikimuelezea mambo ya nguvu na mwendo, anatazama telephone yake. Yule mama akifungua munywa, mutoto anakamata kila neno.

Siku moja kisha mvua, mama Ernestine alitandika kamba yake ya kupimia juu ya ukuta yetu ikauke. Alikuwa amefunga mu ile kamba bipande ya liputa, kitenge ya bamama, nyekundu na manjano, kipande moja kwa kila pigo ya muguu yake. Nilisimama kuiangalia, nikaanza kuhesabu bila kupenda. Alikuwa anapima na fimbo moja, ndefu kumupita kifua kidogo; ilikuwa pale pa ukuta, nikaikamata. Kutoka mwanzo mupaka kitambaa ya kwanza, fimbo moja. Kutoka ya kwanza mupaka ya pili, fimbo tatu. Kisha tano. Kisha saba. Kisha tisa.

Ee Mungu wangu. 

Nitaeleza, juu si kila mutu alikaa mu darasa yangu. Ukiachia jiwe, haianguki na mwendo moja. Mu pigo ya kwanza inashuka fimbo moja. Mu pigo ya pili, yenye ni sawa kabisa na ya kwanza, inashuka tatu. Mu ya tatu, tano. Jumulisha: moja, ine, tisa, kumi na sita, makumi mbili na tano. Ukiongeza wakati mara mbili, urefu inaongezeka mara ine. Batu karibu bote banafikiri wakati mara mbili ni urefu mara mbili, na kwa lile kosa kamba ya batu ingine ilikuwa inakuwa fupi. Tena jiwe kubwa na jiwe dogo zinafika pamoja, hata mutu akatae. Banafunzi yangu, inaniomba miezi mbili kubaingiza hiyo mu kichwa. Mi mwenyewe niliipata Lubumbashi, mu auditoire, ukumbi ya masomo, kwa mutu mwenye koti nyeupe. Na huyu mama aliifunga ku kamba na bitambaa!

"Nani alikufundisha hii?" nilimuuliza juu ya ukuta.

"Mashimo, Prof. Zile zenye urefu tunajua. Niliangusha jiwe, nikaona inagonga pa neno gani ya sala, nikafunga kitambaa." Alinionyesha na kidole. "Niliona bitambaa binaachana, kila mara kuachana. Nilisema ni mi nakosea. Nilianza upya. Miaka mbili nilianza upya."

Mutu wa roho muzuri angesema: mama, pole kwa kazi, ulifika mwenyewe pale benye akili bakubwa balifika. Mi nilisema: "Ni bahati tu." Nikaingia mu nyumba, nikafunga mulango, nikaketi pa kitanda. Sikufanya kitu. Niliketi tu na roho inaniwaka.

Wivu iko na sheria yake, na inafanana na ile ya dunia kuvuta jiwe. Bitu biwili binavutana. Ukibisogeza karibu, nguvu inapanda. Ukibitenga mara mbili, nguvu inapungua mara ine. Bwana Newton mwenyewe alipata hiyo, na mi sijamuonea wivu hata siku moja. Iko mbali, alikufa, anatoka Ulaya. Bakubwa ya makampuni banapita na mitokari, magari ya kioo nyeusi, kwenda mugodi ya Mashamba, na habo habanisumbui. Lakini mama wa ukuta moja, mwenye kamba yake inaanguka upande wa lupango yangu? Huyo alinivuta mchana na usiku.

Siku ya mungu moja, kisha misa, alikuja kwangu na sahani ya mikate ya kukaanga. Alikuwa na swali. Aliketi chini ya diplome, hakuiangalia hata kidogo.

"Prof, mi najua jiwe inaanguka namna gani. Nataka kujua ni nini inaivuta."

Nilimupatia jibu ya darasa: dunia inavuta jiwe, na jiwe inavuta dunia, kadiri ya uzito yao na kadiri ya umbali. Niliandika formule pa kikaratasi. Aliishika vizuri, akaitazama, akairudisha pa meza.

"Hii inasema tena namna gani," alisema. "Inasema ngapi. Mi nauliza juu ya nini. Hakuna kamba kati ya dunia na jiwe. Sasa dunia inalishika na nini?"

Mi nilijua lile swali. Niliiuliza mwenyewe nikiwa na miaka makumi mbili, na professeur alinijibu: mwanafunzi, hesabu kwanza. Newton alisema wazi hajui. Kisha mwingine alikuja mu karne yenye ilipita, akasema dunia inapinda nafasi yenye iko pembeni yake, na jiwe inafuata ile njia yenye ilipinda. Ni nzuri, hesabu yake inatoka sawa hata pale ya Newton inakosa kidogo. Lakini ukiuliza juu ya nini uzito inapinda nafasi, wote bananyamaza. Swali haikufa, ilihama tu nyumba.

Ningemuambia hiyo yote kwa upole. Nilimuambia kama mutu mwenye amekamatwa anaiba. "Sheria haiseme juu ya nini! Inaeleza tu. Haijibu kila kitu!"

"Basi hata weye haujui," alisema, na hakusema kwa ubaya. Kisha alinielezea mambo ya bwana yake.

Tata René alianguka mu shimo miaka tisa ilipita, hapa hapa, mu parcelle, kiwanja yenye leo banajenga boutique. Mama Ernestine alikuwa pa jiko, alisikia anaanguka. Pa kilio, pa matanga, batu ya familia ya bwana yake balisema yeye njo alimukula kwa uchawi, ni mulozi. Padri alisema Mungu alimuita. Bachimbaji balisema ni bahati mubaya. Kisha mazishi, kila siku, alikuwa anaenda pa ile shimo na kuangusha jiwe, anasali, anasikiliza. Alitaka kujua bwana yake alikuwa na wakati gani mbele ya kufika chini. Iligonga pa neema. Kila siku pa neema, na jiwe ya kila namna, kubwa, dogo, nyeusi, nyeupe.

"Njo pale roho yangu ilitulia kwa ile mambo ya bulozi," alisema. "Kama mutu anaweza kusukuma mwingine mu shimo na dawa, hata jiwe moja ingefika mbele ya ingine. Hakuna. Bote banaanguka sawa. Sikumukula René. Lakini juu ya nini yeye, na juu ya nini siku ile, jiwe haikuniambia. Nilifikiri pengine benye kusoma banajua."

Alisimama, akaaga, akaacha sahani. Mikate ilikuwa tamu sana na ilinikera zaidi kwa sababu ilikuwa tamu. Kwa darasa yangu hakuna mutu alishaniuliza swali kama ile.

Sasa nifike kwa Sadrack. Sadrack ni mudogo yangu wa tumbo moja, iko na miaka makumi mbili na nane, anachimba. Mwaka jana, mwezi wa tano, yeye na benzake balipata shimo ya zamani mu parcelle yenye inaangaliana na lupango yetu. Benye kuichimba balihama kitambo, hakuna mutu alijua urefu. Sadrack njo alipashwa kushuka wa kwanza, kesho yake saa moja ya asubui. Kamba ilipashwa kupimwa na kukatwa mbele ya usiku. Kwa mara ya kwanza, juu mi ni mukubwa yake, yaya yake, aliniambia: "Yaya, kuja na weye upime. Batu baone familia yetu iko na mwenye kusoma."

Hapo ndani yangu kulipigwa ngoma!

Nilivaa shati ya kazi. Batu balijaa, musiki inalia, mapikipiki inanguruma. Sikuomba batu banyamaze, mi si mama wa kusali. Niliachia jiwe, nikafinya telephone, nikasikia ko!, nikafinya tena. Segonde mbili na sehemu makumi mbili na sita. Nilipiga hesabu kwa sauti, kila mutu asikie: metre makumi mbili na tano kamili. Bachimbaji balipiga makofi. Mignonne alikuwa pembeni ya mama Ernestine, na hakupiga.

Kisha mama Ernestine alivua sapato. Batu balinyamaza. Aliangusha mawe matatu, moja katikati, moja kila upande, na kila mara alilala na tumbo pa munywa ya shimo, sikio chini. Mi sikusikiliza. Nilikuwa nachora formule yangu mu vumbi na kijiti, nikibaonyesha vijana.

"Prof," alisema, "jiwe yako haikufika chini. Ilikutana na mbao ao ukingo mu njia. Hata yangu mbili zilikutana nayo. Ya tatu ilipita, ilienda kugonga nyuma ya neno Bwana. Ni fimbo yangu makumi mbili na saba. Karibu metre makumi tatu na mbili."

Batu baligeuka kuniangalia. Nilimuona Mignonne anatikisa kichwa kuitika, anamuitikia yeye. Na mi nilisema neno yenye hata leo inaniamsha usingizini. Nilisema: "Mama, ile sala yako ingekuwa inapima vizuri, haingekuacha mujane."

Hakuna mutu alicheka. Mama Ernestine alivaa sapato yake, polepole, ya kushoto kisha ya kuume. Aliuliza Sadrack: "Nikate ngapi?" Sadrack aliniangalia, akaangalia chini, akasema: "Metre ya yaya." Mama akasema: "Muzuri." Akaenda.

Nilifika nyumbani nikiimba. Saa kumi na moja, jua ikianza kupoa, nilirudi pa shimo mi peke yangu, nikitaka kukamata sauti ya jiwe mu telephone, niipigishe mu darasa. Hakukuwa mutu. Kulikuwa kimya. Niliachia jiwe. Ko! Pale pale. Nilikuwa nainua kidole, na nikasikia ingine, dogo, mbali, chini sana. Nilienda upande ingine wa munywa, nikaachia tena, nikaweka sikio chini namna yeye alifanya. Jiwe ilipita, ilipita, na ikagonga. Segonde mbili na sehemu makumi sita na tano. Ukitoa wakati wa sauti kupanda, ni metre makumi tatu na mbili.

Metre saba. Mudogo yangu ataachia fundo na ataanguka metre saba mu giza.

Nilipashwa kufanya kitu moja tu: kutembea hatua makumi sita mupaka kwa mama Ernestine na kusema, mama, nilikosa. Nilitembea mupaka pa mulango yake. Nilisikia sauti ya Mignonne ndani ya lupango. Nilifikiria namna mutoto atanitazama, namna atamutazama yule. Nikageuka. Nilisema nitamuambia Sadrack kesho asubui, peke yake, bila batu. Nilijidanganya vizuri, mi ni mwalimu, najua kueleza.

Asubui niliamka saa kumi na moja na nusu. Nilinyoa ndevu. Nilikunywa chai. Ndiyo, chai, nilikaa na kikombe na nikaimaliza, nikitafuta maneno yenye itaniacha bado mukubwa. Nitasema mashini ya telephone iliharibika? Nitasema upepo? Mignonne alikuwa amesimama pa mulango ya jiko na ananiangalia. Nilipofikia kuinua kichwa, ilikuwa saa moja kasoro dakika mbili. Nilitoka mbio na sapato moja haijafungwa.

Kamba ilikuwa imekaza, imefungwa ku chuma yenye inapita juu ya munywa. Sadrack alikuwa ameisha kushuka. Nilisukuma batu, nilijitupa chini, nilipiga kelele: "Sadrack! Usiachie! Usiachie, nduku yangu!" Na pale pale kamba ililegea mu mikono yangu. Alikuwa ameachia.

Kisha sauti yake ilipanda, imejaa furaha, inagonga ku ukuta: "Yaya! Niko chini! Fundo iko pa mahali yake kabisa! Chiffre yako, ile makumi mbili na tano, ni ya kweli!"

Balinibeba. Bachimbaji balinibeba pa mabega mara mbili kuzunguka parcelle, banaimba Prof, Prof. Mama Ernestine alikuwa amesimama pa mulango ya lupango yake, mikono mu liputa, na aliniitikia na kichwa namna jirani anasalimia jirani. Mignonne alikuwa pembeni yake. Nilisema mu roho: mutoto anapata haya juu ya kunionea mashaka.

Balipovuta kamba kuipandisha, mi pia nilishika. Ilipita mu mikono yangu metre kwa metre, mupaka kiganja ikasikia pale inanenepa kidogo. Mutu alifungua nyuzi za kamba mbili na kuzisuka moja ndani ya ingine, vizuri sana, bila fundo, macho haioni. Nyuma ya pale, kamba iliendelea mupaka ku fundo. Sikuhitaji fimbo kujua ni metre ngapi.

Nitasema ukweli wa roho yangu. Kitu ya kwanza haikuwa aksanti kwa Mungu, haikuwa hata furaha ya mudogo yangu. Kitu ya kwanza ilikuwa wivu, kali kupita ya siku zote. Nilisema: hata hii amenishinda! Nilimutukana mbele ya batu, na yeye aliketi kusuka kamba juu ya nduku yangu, na akaniachia makofi yangu yote. Ningefurahi aje anicheke. Ningejua namna ya kumujibu.

Mangaribi Mignonne alipika sombe, majani ya muhogo. Tuliketi. Nikaweka mukono pa meza.

"Mignonne, haikuwa chiffre yangu. Mama Ernestine aliongeza kamba. Na mi nilijua. Jana saa kumi na moja nilirudi pale nikapima, nikajua nilikosa, na sikusema."

Mutoto hakuinua macho.

"Najua, papa. Tulikuona."

"Mulikuona namna gani?"

"Tulikuwa nyuma ya jiko yake. Kamba iko pa magoti yetu. Tulikuona unaangusha jiwe, unaangusha ingine, unalala chini na sikio. Mi nilisimama nikuite. Mama Ernestine alinivuta nguo, alisema: ketako. Papa yako ameisha kusikia. Atakuja yeye mwenyewe kusema, tumungoje." Alisogeza sahani pembeni. "Tulikuona unakuja mupaka pa mulango. Alianza kutabasamu, papa. Alinituma nilete kiti."

Nilimuuliza balingoja mupaka saa ngapi.

"Mupaka giza. Nilimuambia tuunganishe, tutachelewa. Alikataa. Alisema ukikuta ameisha kuunganisha utapata haya."

"Na nilipokosa kuja, alisema nini?"

"Alinipatia lampe nishike, na akaanza kusuka."